Gauni Moja Si Ushahidi



Mwishoni mwa Agosti 2025, mwigizaji wa Italia Alba Rohrwacher alipita kwenye zulia jekundu la tamasha la filamu la Venice akiwa amevaa gauni la buluu iliyokolea. Lilikuwa gauni la Dior, miongoni mwa ya kwanza kabisa kuonekana hadharani tangu Jonathan Anderson akabidhiwe mavazi ya wanawake ya jumba hilo mwezi Juni mwaka uleule. Onyesho lake la kwanza la mavazi ya wanawake lilikuwa bado. Lingefanyika tarehe 1 Oktoba, katika bustani ya Tuileries mjini Paris. Watazamaji walikuwa na gauni hilo la kutazama, na karibu hapakuwa na mengine ya kulilinganisha nayo. Hilo halikumzuia mtu kutoa hukumu. Siku mbili tatu baadaye mambo yakawa yaleyale kwa Chanel: Ayo Edebiri alivaa gauni jekundu lililobuniwa na Matthieu Blazy, ambaye naye onyesho lake la kwanza lilikuwa limepangwa Oktoba. Zamani kwa kawaida mbunifu mpya alionyesha kazi yake ukumbini kwanza, halafu waigizaji wakachagua. Siku hizi gauni la zulia jekundu ndilo linalofungua mlango, na macho ya dunia humsubiri mbunifu hapo mlangoni. Basi swali la mhadhara huu ni hili: tunapolitazama gauni la namna hiyo na kusema mbunifu huyu anafaa au hafai, hasa ni nini tunachokihukumu?

Jibu langu ni kwamba mara nyingi tunamhukumu mtu asiyehusika. Gauni moja la mwanzo limepita katika mikono mingi mno kuweza kutuonyesha mkono wa mbunifu. Mkono wake huanza kuonekana pale uamuzi uleule unaporudi katika gauni jingine, juu ya mwili mwingine, usiku mwingine. Ndiyo maana nasema mbunifu mpya asihukumiwe kwa gauni moja, liwe zuri au baya. Ahukumiwe kwa magauni mawili au zaidi yaliyowekwa pamoja, na jicho litafute kile ambacho hayo mawili yanakubaliana juu yake.

Tuanze na mikono hiyo. Jumba kama Dior halianzi upya kila linapopata mbunifu. Tangu mwaka 1947 limeongozwa na Christian Dior mwenyewe, kisha Yves Saint Laurent, Marc Bohan, Gianfranco Ferré, John Galliano, Raf Simons, Maria Grazia Chiuri na sasa Anderson. Hao wamekuja na kuondoka, karakana zimebaki. Ushonaji wa hali ya juu wa Paris, ambao jina lake linalindwa kisheria tangu 1945, unategemea mafundi wanaokaa kazini miaka mingi, wengine wakishughulikia vitambaa laini vinavyoning'inia na wengine makoti na nguo zenye umbo la kusimama. Mshono usioonekana, bitana inayotulia, pindo lisilovutika upande mmoja: hayo ni ya mafundi. Tukisifu umaliziaji wa gauni la kwanza la mbunifu mpya, tunawasifu watu waliokuwepo kabla yake na ambao pengine watakuwepo baada yake. Wanastahili sifa hiyo, lakini iwafikie wao.

Mkono wa pili ni wa jumba lenyewe na mikataba yake. Gauni la zulia jekundu aghalabu halichaguliwi na mwigizaji aliyeingia dukani akapenda. Waigizaji wengi wanaovaa Dior, Chanel au Givenchy ni mabalozi wa majumba hayo, na sura zao ndizo zinazouza manukato na mikoba. Jennifer Lawrence alikuwa tayari uso wa matangazo ya Dior alipokwenda kwenye Oscar za 2013. Greta Lee alikuwa uso wa Loewe wakati Anderson akiwa mbunifu wa huko, na Anderson alipohamia Dior naye akamfuata. Jumba linalolipa gharama zote hizo lina haki ya kutaka gauni litambulike kuwa ni lake hata kwa mtu aliye mbali. Mbunifu anapoanza kazi, shinikizo la kutii huwa kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Sisi tunaopeleka vitambaa kwa mafundi wa mtaani tunalijua jambo hili vizuri. Fundi mpya aliyepewa picha na kuambiwa ashone hivyo hivyo, akishona sawasawa, ametuonyesha kuwa anajua kutii picha. Kama anajua kukata tutajua siku tutakapompa kitambaa bila picha.

Mkono wa tatu, na huu ndio unaosahaulika zaidi, ni wa mvaaji. Watu wa Afrika Mashariki wanakumbuka gauni la buluu hafifu la Prada alilolivaa Lupita Nyong'o usiku aliopokea Oscar mwaka 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave. Yeye mwenyewe aliiita rangi ile buluu ya Nairobi. Tangu hapo gauni limekuwa lake. Jina la jumba hutajwa baadaye, kama hutajwa. Hakuna anayelitumia gauni lile kueleza Miuccia Prada alikuwa akiwaza nini mwaka ule, na ni sawa kabisa, kwa sababu sehemu kubwa ya tulichokiona ilikuwa shingo ya Lupita, rangi ya ngozi yake na mwendo wake. Kwa mbunifu mkongwe kama Miuccia hilo halina madhara. Kwa mbunifu ambaye ana gauni moja tu la kujitambulisha, mvaaji anaweza kumficha asionekane kabisa, au kumbeba kupita uwezo wake.

Sasa niingie katika kesi ninayoiona kuwa na mafunzo kuliko zote. Galliano alitangazwa kuwa mbunifu wa Dior Oktoba 1996. Gauni lake la kwanza la Dior lililotazamwa na dunia nzima halikuonekana Paris. Lilionekana New York tarehe 9 Desemba 1996, katika karamu ya jumba la makumbusho la Metropolitan iliyoambatana na maonyesho ya kazi za Dior, na aliyelivaa alikuwa Diana, miezi michache tu baada ya talaka yake na mrithi wa kiti cha Uingereza kukamilika. Lilikuwa gauni la hariri ya buluu nzito, mikanda myembamba mabegani, lesi kifuani, kama shumizi ya kulalia. Kwa jumba ambalo heshima yake ilijengwa tarehe 12 Februari 1947, siku Dior alipoonyesha viuno vilivyobanwa na sketi pana zilizokula kitambaa kingi wakati Ulaya ilikuwa bado inapima nguo kwa mgawo, gauni hili lilionekana kama kukana ukoo. Dior wa 1947 aliujenga mwili kwa mifupa ya korseti na vitambaa vya kutia ugumu. Hapa kitambaa kiliachwa kishuke chenyewe.

Aliyetaka kutoa hukumu usiku ule angesema kwamba Galliano ameuvua mwili wa Dior silaha zake. Angekuwa amesema jambo lenye ukweli, lakini angekuwa amelisema bila ushahidi. Miaka mingi baadaye Galliano alisimulia kwamba gauni lile lilikuwa na korseti ndani yake, na kwamba Diana aliiondoa kabla ya kulivaa. Yeye mbunifu aliligundua hilo alipomwona akishuka garini. Tazameni maana ya habari hiyo. Ulaini ambao watu waliusoma kuwa tamko la mbunifu mpya ulikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, uamuzi wa mvaaji. Mbunifu alikuwa ameweka korseti, yaani alikuwa ametii jumba. Mhakiki aliyemsifu kwa ujasiri na mhakiki aliyemlaumu kwa kukosa adabu, wote wawili walikuwa wakimzungumzia Diana.

Je, hukumu ile basi ilikuwa ya uongo? Hapo ndipo gauni la pili linapohitajika. Tarehe 24 Machi 1997, Nicole Kidman alifika kwenye Oscar pamoja na Tom Cruise akiwa na gauni la Dior la satini ya kijani kinachoelekea manjano, limetariziwa maua kwa mtindo wa Kichina, na mpasuo mrefu ubavuni. Liliwaudhi wengi. Rangi ile ilionekana kali mno kwa usiku ambao wanawake walizoea kuvaa nyeusi, nyeupe na rangi za mchanga. Lakini weka rangi kando utazame kitambaa kinavyokaa. Kinatoka begani hadi sakafuni kikiufuata mwili, bila sketi ya kusimama, bila kiuno cha kukazwa. Mvaaji ni mwingine, mji ni mwingine, tukio ni jingine, na hakuna habari ya mtu kung'oa korseti. Uamuzi umerudi. Na ukirudi nyuma hadi Machi 1994, katika onyesho lile dogo ambalo Galliano alilifanya Paris ndani ya nyumba ya bibi tajiri São Schlumberger akiwa hana fedha, unawakuta tena wanawake ndani ya magauni mepesi kama shumizi, yaliyokatwa mshazari, mbinu ambayo mbunifu Madeleine Vionnet aliifanya kuwa sanaa katika miaka ya 1920. Kitambaa kikikatwa mshazari nyuzi zake hazisimami wima. Huvutika kidogo na kuurudia mwili kila mtu anapopiga hatua. Sasa tunaweza kusema kwa uhakika kilichokuwa cha Galliano. Gauni la Diana peke yake lisingetupa haki ya kusema hivyo.

Gauni la Kidman leo huhesabiwa miongoni mwa magauni makuu katika historia ya Oscar, na wanahistoria wa mitindo hulitaja kama mlango ulioingiza ushonaji wa Paris kwenye zulia la Hollywood. Siutaji mgeuko huo kuwadhihaki waliolikataa. Walikuwa na jicho zima, na walichokiona kilikuwepo: rangi ilikuwa kali. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba rangi ndiyo hoja ya gauni. Niseme pia, ili pasiwe na utata, kwamba kuisoma kazi ya Galliano hakumaanishi kumtakasa. Dior ilimfukuza 2011 kwa matamshi yake ya chuki dhidi ya Wayahudi, na mahakama ya Paris ikamtia hatiani. Mkato wa nguo unaweza kusomwa bila kumpa msamaha aliyeukata.

Raf Simons alikuja Dior kwa sifa iliyo kinyume. Alipoteuliwa Aprili 2012 wengi walimjua kwa mavazi ya wanaume na kwa mistari mikavu, na hofu ilikuwa kwamba hatajua kushona gauni la karamu. Katika Oscar za Februari 2013 Jennifer Lawrence akavaa gauni jeupe lenye sketi kubwa kama wingu, na wengi wakapumua: amejua, amekuwa Dior. Halafu Lawrence akajikwaa kwenye ngazi alipokuwa akipanda kupokea tuzo ya mwigizaji bora wa kike, na picha ile ya mwanamke aliyeanguka katikati ya kitambaa cheupe ikafunika kila mazungumzo juu ya gauni lenyewe. Usiku uleule Charlize Theron alivaa Dior nyingine nyeupe, nyembamba, yenye kitambaa kilichopanuka nyongani kisha kushuka moja kwa moja. Ukiyatazama moja moja, la kwanza ni utiifu kwa jumba na la pili ni uzuri wa Theron. Ukiyaweka pamoja unaona kitu ambacho hakuna hata moja linalokisema peke yake: yote mawili yanaubana mwili hadi nyongani, na nyongani ndipo kitambaa kinapoachana na mwili. Simons alikuwa ameshaliuliza swali hilo Julai 2012, katika onyesho lake la kwanza lililofanyika ndani ya nyumba iliyofunikwa maua ukutani, alipoyachukua magauni ya dansi akayakata nyongani na kuyavalisha juu ya suruali nyeusi. Alikuwa ameiona nyonga katika jaketi maarufu la Dior la 1947, akaifanya kuwa yake. Waliosema kwamba amekuwa Dior walikosea kidogo, na waliosema hajui magauni walikosea sana.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni ule unaovuka kutoka jumba moja hadi jingine, maana hapo jumba haliwezi kudai kuwa uamuzi ni wake. Mbunifu Sarah Burton ameanza mara mbili. Alexander McQueen alifariki Februari 2010, Burton akachukua nafasi yake katika jumba lake Mei, na chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Aprili 2011, akamvika Catherine Middleton gauni la harusi lililotazamwa na mamilioni: kiuno kimekazwa, nyonga zimejazwa kidogo ili kiuno kionekane chembamba zaidi. Ilisemwa wakati ule, na kwa haki, kwamba nyonga zile zilikuwa alama ya McQueen. Burton alikuwa mtunza urithi. Mwaka 2024 akateuliwa Givenchy, na katika Oscar za Machi 2025, siku chache kabla ya onyesho lake la kwanza huko, Elle Fanning akavaa gauni lake la lesi nyeupe lenye utepe mweusi kiunoni, huku Timothée Chalamet akivaa suti yake ya ngozi yenye rangi ya siagi. Watu wakazungumzia suti. Mimi naona gauni ndilo lenye habari: miaka kumi na minne imepita, jumba ni jingine, McQueen hayupo tena kusingiziwa, na macho bado yanaelekezwa kiunoni. Kuanzia hapo kiuno ni cha Burton, na gauni la 2011 nalo linasomeka upya.

Najua hoja hii ina wapinzani, na wana maneno ya kusikilizwa. Wa kwanza atasema kwamba majumba haya ni biashara. Dior na Givenchy ni za kampuni ya LVMH, wanahisa hawasubiri gauni la pili, na mbunifu aliyeshindwa kuwasisimua watu siku ya kwanza ameshindwa kazi aliyoajiriwa kuifanya. Nakubali kwamba soko lina hukumu yake, na kwamba ni hukumu halali katika uwanja wake. Lakini soko hupima kama gauni limezungumzwa. Mwaka 1958 Saint Laurent, akiwa na umri wa miaka 21, alionyesha mkusanyiko wake wa kwanza wa Dior na Paris ikamshangilia kama shujaa. Miaka miwili na kidogo baadaye mkusanyiko uliochota mavazi ya vijana wa mitaani ukawakasirisha wateja, na nafasi yake ikachukuliwa na Bohan. Shangwe za siku ya kwanza hazikutabiri lolote juu ya kazi yake, wala hasira za baadaye hazikutabiri kwamba jumba atakalolifungua kwa jina lake lingekuwa moja ya makubwa ya karne. Mhakiki akilifuata soko, atakuwa anarudia habari ambayo wenye hisa wanayo tayari.

Mpinzani wa pili ana hoja iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Gauni la zulia jekundu limetengenezwa litazamwe na watu wote, na mtu yeyote ana haki ya kusema limempendeza au halikumpendeza bila kuombwa cheti. Sina ugomvi naye. Haki ya kupenda na kutopenda ni ya kila mwenye macho. Ninachokitenganisha ni sentensi mbili zinazofanana kwa mbali: gauni hili silipendi, na mbunifu huyu hajui kazi. Ya kwanza inahitaji jicho tu. Ya pili ni madai kuhusu uwezo wa mtu, na madai yanahitaji ushahidi.

Wa tatu ataniambia kwamba subira hii ni mwavuli wa wabunifu dhaifu: kila tukitaka kuwalaumu tutaambiwa tungoje gauni jingine. Hapana. Yapo makosa ambayo gauni moja linatosha kuyatangaza. Mshono unaokunjamana, kifua kinachomlazimisha mvaaji kukishikilia kwa mkono usiku kucha, bitana inayoonekana pasipotakiwa. Hata sketi ya Lawrence naihesabu humo, ingawa wengi huiona kuwa ajali tu. Gauni lililopelekwa kwenye ukumbi ambako anayeshinda lazima apande ngazi lilipaswa kujua kupanda ngazi, na hilo lingeweza kujaribiwa mapema. Hukumu hiyo naitoa bila kungoja. Lakini ni hukumu juu ya gauni na maandalizi yake. Haikunizuia kuona, pembeni ya gauni la Theron, kwamba aliyelibuni alikuwa na wazo. Na subira ina mwisho. Misimu miwili ya tuzo inatosha. Ikiwa baada ya hapo magauni ya mbunifu hayakubaliani juu ya jambo lolote, kila moja likiwa limekwenda anakotaka mvaaji au linakotaka jumba, basi hukumu ni kwamba hakuna mkono, na itamkwe wazi.

Narudi Venice. Kwa Anderson, gauni la Rohrwacher lilinitosha kusema jambo moja, kwamba karakana za Dior ziko salama. Kuhusu yeye mwenyewe nawaomba mfanye kazi kidogo. Chukueni picha za magauni yake ya Dior kadiri yanavyotoka, mziweke kando ya kazi aliyoifanya Loewe tangu 2013 hadi 2025, mahali alipopenda kulifanya vazi lisimame mbali na mwili kama kitu chenye umbo lake. Tazameni video za watu wakitembea, maana picha haionyeshi kitambaa kikirudi. Tazameni mgongo. Ulizeni ni wapi kitambaa kinaachana na mwili, na kama kinaachana nao mahali palepale kwa mwanamke mwingine. Mkipata jibu moja mara mbili, andikeni hukumu yenu na msiogope kuipaza sauti. Na anayedhani kwamba gauni kutangulia onyesho ni jambo geni la zama hizi akumbuke kalenda: onyesho la kwanza la Galliano la Dior lilifanyika Paris tarehe 20 Januari 1997, wiki sita kamili baada ya Diana kushuka garini New York.